Saa nzima ndani ya Harambe bila kutoka Kisumu: uzoefu wangu na miwani ya VR

Mimi ni mchoraji wa mabango. Vibao vya vinyozi, kuta za maduka, majina ya mashua pale Dunga, mistari ya Biblia nyuma ya malori: hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Natanguliza hilo kwa sababu yote niliyoyaona ndani ya miwani ya VR, ile inayofunika macho na kukuonyesha mahali pa mbali kana kwamba umesimama pale, niliyaona kwa jicho la fundi wa herufi, na Harambe yenyewe ni mji wa kubuni ndani ya bustani ya burudani ya Marekani, na ukienda wewe huenda ukaona mengine kabisa.

Aliyenipeleka ni mpwa wangu, mwana wa dada yangu, yuko kidato cha tatu. Hajawahi kupanda ndege wala kuvuka mpaka wa Busia, lakini mwulize habari za bustani za burudani za Marekani, atakueleza kama mtu aliyekulia mlangoni pake. Yeye na wenzake watatu wanangoja kitu kimoja tangu Agosti 2024: eneo jipya liitwalo Tropical Americas, ndani ya bustani ya burudani iitwayo Disney's Animal Kingdom kule Florida. Limetengewa ekari 11, pale palipokuwa na eneo la dinosari, na mwaka uliotangazwa wa kulifungua ni 2027. Kila Jumamosi vijana hawa hukusanyika kwangu, simu moja katikati ya meza, wakikagua picha za ujenzi ambazo mashabiki wenzao hupiga kutoka kwenye ndege ndogo. Ile nguzo ni ya nini? Huo mtaro ni wa maji au ni njia ya magari? Fununu moja inaweza kuwala saa mbili nzima. Mimi huwa kando naosha brashi na kusikiliza.

Siku moja akaniambia, "Anko, kuna mahali hapa mjini unaweza kuingia kule kwa miwani. Si eneo jipya, hilo bado linajengwa. Ni lile la zamani, la Afrika. Wameandika Kiswahili ukutani kila mahali. Twende ukaone mabango."

Mabango. Alijua neno la kunitoa nyumbani.

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya pili ya jengo moja la maduka. Bei ni shilingi 250 kwa dakika 15, au 800 kwa saa nzima. Kuna viti viwili vinavyozunguka, feni moja, na kijana wa zamu anayekufunga mkanda kichwani na kukupa rimoti ya mkononi. Unamtajia unachotaka kuona, anakitafuta kwenye intaneti. Michezo ya kupiga risasi wanayo tele na ndiyo inayowaletea wateja. Safari za kutembea mahali, zile video zilizopigwa pande zote hadi ukigeuza shingo unaona kilicho nyuma yako, ni chache, ila zipo.

Mara ya kwanza tulikwenda Jumamosi alasiri, na siku hiyo ilinikera sana. Foleni ilikuwa ndefu. Miwani niliyopewa ilikuwa bado na jasho la aliyenitangulia, na hakuna aliyeipangusa. Video ikawa inaganda kila baada ya sekunde chache, picha imekuwa ukungu mtupu, na ikiganda huku kichwa chako kinageuka, tumbo nalo linageuka. Dakika ya saba niliivua, kijasho chembamba kikinitoka. Hakuna aliyeniambia mapema kwamba mgeni anapaswa kuanza na dakika tano, ameketi, asimame baadaye. Nililalamika kwa msimamizi kwa upole lakini bila kumung'unya maneno: mtu akilipa pesa yake apewe kitu safi na maelezo. Akakubali, akanirudishia muda wangu, nije siku nyingine.

Nikarudi Jumatano saa tatu asubuhi. Hapakuwa na mtu. Nilibeba kitambaa changu, nikaipangusa miwani mwenyewe, nikaketi. Sasa naomba nikae hapa kidogo, maana ndipo pesa yangu ilipopata thamani.

Nilijikuta nimesimama katikati ya mji. Mji huo wanauita Harambe. Waliubuni kama mji wa pwani ya Afrika Mashariki, na sura yake kubwa wameichukua Lamu. Bustani yenyewe ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na aliyeongoza usanifu wake ni Joe Rohde, ambaye pamoja na timu yake walizunguka Afrika wakipiga picha na kuchora kabla ya kujenga. Mimi Lamu nimefika mara moja, nilipoitwa kuandika jina la nyumba ya wageni, na nilikaa siku nne nikizitazama zile kuta za matumbawe na chokaa. Kwa hiyo nilipogeuza shingo na kuona ukuta uliobanduka lipu hadi mawe yakatokeza, nilinyoosha mkono niuguse. Mkono ukapita hewani. Kijana wa zamu alicheka, lakini mimi nilikuwa nimeshikwa.

Nilisimamisha video kwa rimoti nikasogeza uso karibu na kona moja. Palikuwa na msumari, na chini ya msumari mchirizi wa kutu. Mchoraji asiyejua kazi hupaka kutu popote, madoa ya kahawia kama tope lililorushwa. Huyu alianza penye msumari, akaushusha mchirizi mwembamba, akaupanua kidogo pale maji yangetua, kisha akaufifisha. Yaani alijiuliza mvua ingepita wapi. Pembeni, rangi ya njano ilikuwa imekwanguka na chini yake kuna buluu, na chini ya buluu kuna nyeupe, kama duka lililobadilisha wenye mara tatu. Na yote hayo ni saruji iliyochongwa na kupakwa rangi mwaka mmoja na watu wanaolipwa mshahara ili kiwe kizee. Hata chini miguuni: saruji ilikanyagwa mbichi, ikaachiwa alama za tairi na kwato. Kuchakaza kitu kipya hadi kiaminike ni kazi ngumu kuliko kukifanya king'ae. Nimewahi kuombwa kibao cha mkahawa kinachoonekana cha zamani, kikanichukua siku tano, na kipya hunichukua siku moja.

Halafu herufi. Hapa nina la kusema.

Harambee yetu ina e mbili mwishoni. Iko kwenye nembo ya taifa, iko kwenye ofisi ya chifu, mtoto wa darasa la kwanza anaijua. Yao ina e moja. Kila ilipojitokeza mkono wangu uliwasha kutafuta brashi. Kuna duka la vitu baridi liitwalo Tamu Tamu, na hilo nimelipenda, lingekaa vizuri kabisa mbele ya kibanda cha miwa pale Kondele. Dawa Bar ni jina la mtu anayejua Kenya, kwa sababu dawa ni kinywaji cha vodka, asali na ndimu ambacho hapa kila baa ya watalii inakiuza. Ziwani Traders nalo ni jina ambalo ningeweza kulipata kwenye duka lolote la jumla mjini hapa. Lakini mkahawa wa kahawa na mikate wameuita Kusafiri. Hakuna mwenye hoteli anayeamka akaita hoteli yake kitenzi namna hiyo. Angeiita Msafiri, au Safari Njema, au jina la mkewe. Ukilisoma unahisi kamusi, huhisi mwenye duka.

Na kuna UHURU 1961, mwaka waliouchagua kuwa wa uhuru wa mji wao. Tanganyika ilipata uhuru 1961, sisi tukapata 1963. Basi Harambe ina nyumba za Lamu, jina la nembo ya Kenya, na mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Mpwa wangu anasema ni mji wa kubuni, wana ruhusa. Ninamkubalia. Bado nilikaa kimya muda mrefu mbele ya maandishi yale, kwa sababu ni neno ambalo babu yangu alilisema kwa sauti maalumu.

Sehemu ya kupanda lori kuwatazama wanyama, Kilimanjaro Safaris, ilikuwa nzuri na sitaizungumzia sana. Uwanja wake ni ekari 110, wanyama ni wa kweli, na baadhi ya mibuyu ni ya bandia, na hutaijua. Kwetu sisi ambao kwenda Nakuru kuona vifaru ni nauli ya matatu tu, kilicho kipya pale ni mibuyu.

Nilipotoka nilielewa kwa nini vijana wangu hawalali kwa ajili ya eneo lisilokamilika. Tropical Americas litakuwa na mji wake uitwao Pueblo Esperanza. Mpwa wangu anangoja chombo cha kupanda kitakachopita ndani ya nyumba ya ukoo wa Madrigal, ile ya filamu ya Encanto inayosimulia Kolombia. Rafiki yake anaapa kwamba cha Indiana Jones, yule mwanaakiolojia wa filamu, kinachochukua mahali pa kile cha dinosari, ndicho kitakachoshinda, kwa sababu kitaingia ndani ya hekalu la Wamaya. Kuna pia bembea ya kuzunguka yenye wanyama, ambayo hakuna anayeibishania.

Mimi sasa nimeingia kwenye ubishi wao rasmi, na langu ni kuta. Nani ataandika vibao vya Pueblo Esperanza? Watakumbuka kiwimbi kidogo juu ya n pale kinapohitajika, na alama juu ya irabu? Maana wanaweza. Eneo lao la filamu za Star Wars, Galaxy's Edge, lililofunguliwa 2019 kwenye ekari 14, vibao vyake vingi vimeandikwa kwa herufi za kubuni ziitwazo Aurebesh, na mashabiki wamezikariri hadi wanasoma ukutani wakipita. Mpwa wangu anazisoma. Nilimwambia: wakiweza kuitunza herufi ambayo haina mama wala baba, waitunze ya Mkolombia pia. Yuko fundi wa mabango Medellín atakayevaa miwani kama yangu mwaka 2027 na kusogeza uso kwenye kona. Ningependa asiwashwe mkono.

Ubashiri wangu ni kwamba watafanya vizuri kuliko 1998, kwa sababu siku hizi kosa la herufi moja halimalizi asubuhi kabla mashabiki hawajalipiga picha na kulisambaza. Mpwa wangu anasema nitakuwa wa kwanza.

Kwa anayetaka kwenda: epuka wikendi. Asubuhi ya katikati ya wiki intaneti inapumua na picha inakaa wazi. Beba kitambaa. Kula kidogo kabla, usile samaki mzima halafu ukapanda ghorofa. Omba kuketi. Lipia dakika 15 kwanza, na ukiona tumbo limekubali, lipia saa. Utambue pia kwamba stima ikipotea hakuna jenereta ya chumba hicho, na muda uliobaki ukumbushe mwenyewe uandikwe. Kwa Jumamosi yangu ya kwanza ningewapa nyota mbili kati ya tano. Kwa Jumatano nawapa nne na nusu, na hiyo nusu iliyobaki ni ya kitambaa ambacho wangepaswa kuwa nacho wao.

Jambo moja lazima lijulikane ili msomaji apime maneno yangu. Baada ya kuandika haya yote kwenye daftari, msimamizi aliniuliza kazi yangu, nami nikamwambia. Ana mlango mtupu wa bati nje ya chumba. Tumekubaliana nimwandikie jina, rangi ya mafuta, herufi za kivuli, na malipo ni saa kumi za miwani, nizitumie nikitaka. Nimeziweka akiba nane kwa ajili ya 2027. Mbili tutazitumia Jumatano mbili zijazo shule zikifungwa, mpwa wangu na mimi, maana kuna kichochoro nyuma ya Tamu Tamu ambacho video ilikipita haraka, na ukuta wake wa kushoto sikuumaliza.