Uzoefu wangu: modemu ya ndani EM7455 kwenye ThinkPad T470 yenye Debian 12

Kadi hii ya Sierra Wireless, inayoipa laptopu intaneti ya simu kwa laini yake yenyewe (SIM), inafanya kazi vizuri kwenye Linux, na ningeichagua tena. Wengi wanaokwama nayo hulaumu draiva, lakini draiva yake, cdc_mbim, imo ndani ya kerneli tangu zamani. Kinachokwamisha ni vitu viwili: antena na kufuli.

EM7455 ni kadi ya M.2 (aina ya nafasi ya kadi ndani ya laptopu) ya milimita 30 kwa 42. Ni 4G ya daraja la 6, yaani kwa mahesabu ya kiwandani inafika megabiti 300 kwa sekunde kushusha na 50 kupandisha. Bendi ya 3 (1800 MHz) na ya 20 (800 MHz) zimo. Ya 28 (700 MHz) haimo, hivyo mahali ambapo mnara unatoa 4G kwa bendi hiyo peke yake, usitegemee 4G.

Kabla hujanunua kadi, fungua mfuniko wa chini utazame nyaya. T470 nyingi zilizotoka kiwandani bila modemu hazikuwekewa antena zake, na hapo ndipo watu hupoteza siku nzima: kadi inaonekana, laini inasomeka, mtandao haushiki, nao wanaendelea kubadilisha programu. Nyaya zikiwepo ni mbili: nyekundu inaingia MAIN, ya bluu AUX. Viunganishi ni vidogo sana, aina ya MHF4. Kiweke kimoja sawasawa juu ya kituo chake ndipo ukibonyeze kwa kidole; ukikisukuma kikiwa upande kinapondeka na hakirudi tena.

T470 ina betri ya pili kwa ndani, kwa hiyo kuchomoa ile ya nyuma hakutoshi. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Linux haijawaka) kwa F1, kisha Config, Power, halafu Disable Built-in Battery. Mashine itajizima yenyewe, na hapo ni salama kuifungua. Ukiwa humo BIOS, hakikisha pia Wireless WAN haijazimwa kwenye Security, I/O Port Access.

Wenye ThinkPad za zamani, X230 au T430, msifuate njia hii. BIOS ya mashine hizo ina orodha ya kadi inazokubali, na ikikuta ngeni inasimama na kosa namba 1802. Na kama mashine yako ni mpya zaidi na amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vya PCIe, inaonyesha 8086:7360, hiyo ni Fibocom L850-GL iliyounganishwa kwa PCIe. Haizungumzi MBIM, lugha ambayo EM7455 na draiva yake huwasiliana kwayo, na Debian 12 haiiendeshi hivihivi.

Kadi ikishakaa, lsusb ionyeshe 1199:9079. Sakinisha modemmanager (programu inayosimamia modemu), libmbim-utils na libqmi-utils. Hiyo ya mwisho usiiruke hata kama unatumia MBIM, kwa sababu skripti ya kufungua kufuli, ninayoieleza hapa chini, huita qmicli, na qmicli imo humo. Sasa jaribu:

mmcli -m any -e

Ukijibiwa "Invalid transition", usiiguse kadi, haijaharibika. Hilo ni kufuli la FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani: redio ya modemu inabaki imezimwa mpaka programu ya kompyuta iifungue. ModemManager ilikuwa ikifanya hivyo yenyewe, lakini kuanzia toleo la 1.18.4 imemwachia mwenye mashine aamue. Skripti unayo tayari, inasubiri kuunganishwa tu:

sudo ln -sft /etc/ModemManager/fcc-unlock.d /usr/share/ModemManager/fcc-unlock.available.d/1199:9079
sudo systemctl restart ModemManager

Laini ikiwa na PIN, ifungue kwa mmcli -i 0 --pin=1234, ukiweka PIN yako badala ya 1234, na badala ya 0 namba ya SIM inayotajwa na mmcli -m any. Kisha tengeneza muunganisho. Kwa Vodacom Tanzania APN (jina la lango la intaneti la kampuni ya simu) ni internet, kwa Safaricom ni safaricom:

sudo nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name simu apn internet
sudo nmcli connection modify simu connection.metered yes

Mstari wa pili ni wa kulinda bando: programu zinazoheshimu alama hiyo hazitashusha masasisho kimyakimya. Wi-Fi ikiwepo, NetworkManager huipa kipaumbele yenyewe (600 dhidi ya 700 ya modemu, namba ndogo ndiyo hushinda), kwa hiyo huna haja ya kuzimazima.

Nguvu ya mawimbi ipime kwa mmcli -m any --signal-setup=10, subiri kidogo, halafu --signal-get. Tazama RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya 4G yanayokufikia: juu ya -100 dBm ni nzuri, chini ya -115 ni dhaifu. Ukiwa karibu na mnara na bado unaona namba mbovu, rudi kwenye nyaya.

SMS za laini, zikiwemo namba za uthibitisho na taarifa za bando kuisha, zinaingia kwenye modemu. Ziorodheshe kwa mmcli -m any --messaging-list-sms, usome kila moja kwa mmcli -s na namba yake, na ufute za zamani, maana hifadhi ikijaa mpya haziingii.

Mashine ikitoka usingizini, mara nyingine modemu haionekani. Subiri nusu dakika kwanza. Ikigoma, anzisha upya ModemManager, na skripti ile ile itaifungua tena.