Taa si inawaka? Uzoefu wangu na intafesi ya gitaa niliyouziwa Kariakoo

Nisiwachoshe: msinunue. Au tuseme msinunue pale niliponunua mimi. Kifaa chenyewe kina mazuri yake na nikipoa nitayataja, lakini acheni kwanza nimseme yule kijana wa dukani, kwa sababu hadi leo nikishika waya wa gitaa sura yake inanijia.

Chapa ya kifaa siitaji na duka silitaji, sitaki kesi. Ni intafesi ndogo ya kurekodia, kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta, ya matundu mawili, zile za kuchomeka USB kwenye laptop. Mnazijua, zimejaa mtaani.

Napiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya dansi, na nyumbani narekodi vipande vyangu kabla ya kuwapelekea wenzangu. Nyumbani kwenyewe ni chumba na sebule Sinza, ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga, kwa hiyo habari ya kuwasha amplifaya na kuiwekea maikrofoni ya SM57 mbele ya spika, kama studio zinavyofanya tangu maikrofoni hiyo ilipotoka 1965, kwangu haipo. Njia yangu ni moja: gitaa liingie moja kwa moja kwenye kompyuta, amplifaya iwe ya programu, mimi nisikilize kwa hedifoni. Ndiyo maana nikajibana nikanunua intafesi. Ilikuwa muda kidogo kabla ya mfungo, bei bado zina adabu.

Nikafika nyumbani, nikachomeka, nikapiga. Gitaa limefunikwa blanketi. Sauti ipo, tena ya kutosha, ila haina meno. Nyuzi mbili za chini, zile nyembamba ambazo ndiko rithimu yetu inakoishi, zimekufa ganzi. Nikabonyeza kitufe cha INST, taa ya kijani ikawaka, nikapiga tena. Vilevile. Nikazima, nikapiga. Vilevile! Nikarekodi kipande kilekile kitufe kikiwa kimezimwa na kikiwa kimewashwa, nikaviweka sambamba kwenye Reaper, programu yangu ya kurekodia, nikafumba macho nikawa nacheza kimoja baada ya kingine. Sikuweza kuvitofautisha.

Kwa asiyejua kwa nini hilo ni janga: pikapu ya gitaa la umeme ni waya mwembamba kama unywele uliozungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku. Umeme unaotoka pale ni dhaifu sana, haupendi kuvutwa. Tundu la gitaa linatakiwa liwe na ukinzani mkubwa, kwa kawaida karibu ohm milioni moja, ili liipokee ile sauti bila kuikaba. Tundu la line, ambalo ni la kinanda au mixa, huwa na ohm elfu kumi hivi au zaidi kidogo. Ukilitumbukiza gitaa humo, trebo, ile sauti kali ya juu, ndiyo inayotangulia kufa. Kazi ya kitufe cha INST ni kuhamisha kutoka line kwenda gitaa. Changu kilikuwa kinawasha taa, basi.

Nikarudi dukani, gitaa mgongoni, laptop kwenye begi, risiti mfukoni. Kijana wa kaunta hakuiangalia hata risiti. Akaichomeka intafesi kwenye kompyuta ya duka, akabonyeza kitufe, akanigeuzia.

“Taa si inawaka, kaka?”

“Inawaka, mdogo wangu. Ila sauti haibadiliki. Subiri nichomeke gitaa usikie mwenyewe.”

“Sasa kama taa inawaka si inafanya kazi? Hapo ongeza trebo kwenye kompyuta tu.”

Ongeza trebo! Kitu ambacho hakikuingia utakiongezaje? Ukivuta trebo juu ya sauti iliyokwisha kukabwa, kinachopanda ni ule mchemko wa shhhh, gitaa linabaki palepale. Nilimweleza hivyo, tena kwa upole wote niliojaliwa. Akaniuliza gitaa langu la shilingi ngapi. Nikasema laki tatu. Akamgeukia mwenzake aliyekuwa juu ya ngazi anashusha maboksi:

“Oya, huyu mzee anataka kulia kama Franco na gitaa la laki tatu!”

Wakacheka. Akacheka na dada mmoja aliyekuja kununua ring light, ambaye nina hakika hata hajui tunazungumzia nini. Mzee! Mimi na huyo kijana tumepishana labda miaka kumi. Halafu Franco, yule mpiga gitaa wa Kongo, amefariki 1989, USB yenyewe imekuja 1996, marehemu hakuwahi kuhangaishwa na kitufe kibovu. Hayo yote nimeyafikiria nikiwa kwenye daladala, pale dukani ulimi ulinikauka. Akanionyesha maandishi ya chini ya risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, akaendelea na yule dada.

Kama ningeandika siku ile, ningetoa nyota sifuri na matusi mawili.

Kilichonipunguzia hasira ni mpiga besi wetu. Alikuja na tyuna yake ya Boss, ile pedali nyeupe ya mguuni ya kupangia nyuzi, akaiweka katikati: gitaa, tyuna, intafesi. Hakusema kitu, akaniambia piga. Jamani. Trebo yote imerudi! Mlio wa vidole kwenye nyuzi, ule mkwaruzo mdogo wa piki kabla ya noti, vyote vipo. Sababu yake haina uchawi: pedali za Boss zina bafa ndani, saketi ndogo ya kuipa sauti nguvu, nayo inafanya kazi hata ukiwa hujaikanyaga pedali. Gitaa linakutana na bafa kwanza, ambayo hailikabi, halafu bafa ndiyo inayosukuma sauti kwenye tundu la line, na yenyewe ina nguvu ya kutosha. Geini nikaipandisha kidogo, nikaacha vilele vicheze karibu na -12 dB, nafasi ya kupumua ikabaki.

Kuanzia hapo, nakiri kwa shingo upande, kifaa ni kitamu. Drava yake ya ASIO, ile programu inayokiunganisha na kompyuta, imetulia: nimeweka bafa ya sampuli 128 kwa 48 kHz (hii ni foleni ndogo ya sauti ndani ya kompyuta, siyo ile bafa ya pedali), hiyo ni chini ya milisekunde tatu, ukijumlisha na mengine ya njiani bado mkono hausikii kuchelewa. Kwenye laptop yangu ya zamani! Kwa amplifaya natumia Neural Amp Modeler, ya bure, na faili la kabineti, linaloiga boksi la spika, baada yake. Hilo la kabineti msilirukie. Amplifaya ya programu bila kabineti inalia kama nyuki kwenye kopo, na wengi wanaolalamika kwamba gitaa la kompyuta linachoma masikio wameruka hapo tu. Baada ya hapo nakata chini ya hertz 90 ili nimwachie besi eneo lake, na juu nakata kuanzia 9 kHz. Distosheni sigusi. Hizi sauti zinazokuja zimepangwa tayari karibu zote ni za watu wa roki, zimejaa moshi. Dansi letu linataka sauti safi inayokaribia kupasuka lakini haipasuki, na dilei fupi ya kuisindikiza. Rithimu napiga mara mbili, moja naitupa kushoto na nyingine kulia. Kupiga kweli mara mbili, siyo kunakili, maana ukinakili zinarudi kukaa katikati.

Mngurumo pia niliupunguza. Nilidhani ni intafesi, nikaiongezea dhambi isiyo yake. Chomoa chaja ya laptop wakati wa kurekodi uone nusu ya kelele inavyoondoka. Nusu nyingine geuka tu na kiti mpaka pikapu iangalie mbali na kioo cha kompyuta, kama gitaa lako ni la koili mojamoja kama langu.

Kwa hiyo nyota nne? Nilikuwa nimeshaandika nne. Halafu nikakumbuka kwamba tyuna si yangu. Mwenyewe anaihitaji Ijumaa na Jumamosi kwenye shoo, na mimi usiku wa kurekodi ni huohuo wa Ijumaa. Yaani nimelipia tundu la gitaa, sina tundu la gitaa, na ili nilipate inabidi ninunue pedali ambayo mpya inaweza kukaribia bei ya intafesi nzima. Mwingine akiniambia mbona inafanya kazi vizuri, nitamwambia anipe tyuna yake.

Basi mbili. Zote mbili za kifaa, za drava hasa. Duka halina hata nusu.

Mkienda kununua, nendeni na gitaa lenu na waya wenu. Mwambieni muuzaji achomeke palepale, kitufe kikiwa kimezimwa kisha kimewashwa, msikilize kwa hedifoni na nyuzi nyembamba ndizo mzipige. Kitufe kizima mtakitambua papo hapo, sauti inafunguka na kupanda. Akianza habari za nenda ukajaribu nyumbani, rudisheni pesa mfukoni. Taa msiitazame kabisa. Mimi nilifanya hivyo juzi duka la pili, mtaa uleule, si kwa kununua, nilitaka tu nijue. Mama mwenye duka alitoa boksi, akafungua mwenyewe, akanipa hedifoni, akasubiri nimalize kupiga. Kitufe kizima, na bei ni pungufu kwa elfu kumi na tano.