Kismet (programu ya kusikiliza waifai hewani) kwenye nyumba ya wageni ya shangazi, miezi minne sasa, uzoefu wangu

Kwanza niseme mie si mtu wa IT, nimejifunza kwa kuharibu tu. Namsaidia shangazi nyumba yake ya wageni hapa Malindi ya Unguja, vyumba sita, na chochote chenye waya humo ndani basi ni mzigo wangu. Sasa wageni walikuwa wananilalamikia mambo mawili, moja intaneti inakufa kuanzia saa mbili usiku, la pili wale wa vyumba vya nyuma wanaandika pasiwedi sawasawa, nimesimama naangalia kwa macho yangu mwenyewe, simu inawaambia siyo. Nikabadilisha pasiwedi mara mbili, wapi. Nikawapigia wanaotuuzia intaneti wakanambia upande wao hakuna tatizo, zima ruta uwashe tena. Haya.

Nikaanza na Fing maana ni programu ya kwenye simu, unabonyeza inakuletea vifaa vyote vilivyomo kwenye mtandao wako. Ikanletea tisa. Nikavihesabu, televisheni ya ukumbini, printa, simu ya shangazi, yangu, za wageni, kimoja tu ndo sikukijua nikakiacha, nikajisemea ni simu ya mgeni imejificha, kwa sababu Android kuanzia 10 na iPhone kuanzia iOS 14 zinabuni anwani ya MAC (namba ya kukitambulisha kifaa) ya bandia kwa kila mtandao zinaojiunga nao. Ile ya bandia inajulikana lakini, tazama herufi ya pili ya anwani, ikiwa 2, 6, A au E ndo hiyo. Ile niliyoiacha haikuwa na hata moja kati ya hizo, na hilo mie nalijua, ila uvivu bwana.

Jamaa yangu mmoja anayesoma SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ndo akanambia, sheikh, Fing inawagongea walioko ndani, wewe unataka kitu kinachosikiliza hewani, tia Kismet. Ni ya bure, kaitunga Mike Kershaw, inakaa kwenye Linux, na uzuri wake haijiungi na mtandao wa mtu wala haitoi neno, inasikiliza tu. Hata maneno yakiwa yamefungwa kwa pasiwedi, anwani za nani anazungumza na ruta gani zinapita wazi hewani, na yenyewe hizo zinaitosha.

Kuifunga sasa, hapa ndo pana uchungu. Nilikuwa na Raspberry Pi ya zamani, kile kikompyuta kidogo, nikadhani waifai yake itafaa, haifai, ile ya ndani haikubali kusikiliza kila kitu mpaka uifanyie ufundi ambao mie sikuuweza. Inatakiwa adapta ya waifai ya kuchomeka USB. Nikaagiza Dar, ikaja, boksi lile lile nililoliona kwenye video lakini chipu ya ndani nyengine, siku mbili nahangaika nayo. Ya pili nikauliza kabisa kabla sijatoa pesa, nataka yenye chipu ya Atheros AR9271, hiyo nilichomeka ikakubali hapo hapo. Kwa hiyo usinunue kwa kutazama boksi, uliza chipu.

Ikishawaka unafungua kwenye brauza, port 2501, na usiku wa kwanza nilitaka kukimbia. Vifaa mia nne na ushei! Nikaona tumevamiwa na mji mzima. Kumbe kila simu inayopita uchochoroni inapiga kelele kutafuta waifai inazozijua, na kila ikipiga inabadilisha anwani, mtu mmoja kapita kununua urojo kesha kuwa watu watano. Nikaja kujifunza kuchuja, unaiambia inioneshe ruta tu na waliong'ang'ania kila ruta, hapo ndo ikawa na maana.

Halafu kwenye faili ya kismet_alerts.conf unaandika mstari unaosema jina hili la waifai ni la anwani hii tu, akitokea mwengine na jina hili nipigie kelele. Kengele yenyewe inaitwa APSPOOF. Nikaandika, nikaiwasha upya, sikumaliza hata chai ikalia. Ruta nyengine, jina letu herufi kwa herufi, sisi tuko chaneli 1 yeye yuko 11, na vifaa kumi na saba vimemng'ang'ania.

Moyo ulinienda mbio, maana nimeshasoma habari za watu wanaotega waifai yenye jina la hoteli wakaiba pasiwedi za wageni. Nikahamishia adapta kwenye laptopu nikaanza kutembea nayo nyumba nzima nikitazama nguvu ya mawimbi, kadiri namba inavyokaribia sifuri ndo umekaribia. Ukumbini -82, kwenye ngazi -66, uani -50, nikaingia jikoni -36. Juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kizuri kabisa, ruta yetu ya zamani inawaka taa.

Mpishi wetu, mtu mzima nampa shikamoo yangu kila asubuhi, akanambia, mwanangu si mlisema mbovu mnaitupa, mie nikaichomeka kwenye waya ule wa ukutani ikawaka, humu jikoni mtandao haufiki nataka kutazama tamthilia yangu. Na kweli haufiki, kuta zetu hizi za mawe na chokaa zina unene wa mkono mzima.

Basi hapo mambo yote mawili yakafunguka. Ruta ile ilikuwa na jina letu lakini pasiwedi ya zamani, simu za wageni wa nyuma zinaiona ina nguvu zaidi zinaikimbilia yenyewe na pasiwedi mpya, inawakataa. Na pasiwedi ya zamani ilikuwa imebandikwa mapokezi miaka mitatu, mapapasi wote wa Malindi, hawa wanaotembeza watalii, wanayo, ikifika usiku wote wanaivuta intaneti yetu. Kwa sababu ilichomekwa kwa tundu la intaneti, wote kumi na saba Fing ilikuwa inawaona kitu kimoja, kile kile nilichokiacha.

Mabaya yake na yenyewe inayo. Haizuii mtu, inakwambia tu, kumtoa ni kazi yako. Adapta moja inarukaruka chaneli, kama tano kwa sekunde, ikiwa huku haisikii ya kule, na hii yangu inasikia mawimbi ya 2.4GHz tu, mwenye 5GHz anapita mbele yangu simwoni. Logi zinajaza memori kadi, mie yangu ilijaa wiki ya tatu Pi ikagoma. Na inarekodi simu za majirani pia, mie nimezima kuhifadhi, sitaki kujua nani karudi nyumbani saa ngapi.

Mara mbili usiku imenipigia DEAUTHFLOOD, yaani kuna anayetuma amri za uongo za kuzitoa simu kwenye mtandao, sikumpata. Nikawasha WPA3, ulinzi mpya wa waifai unaofuata WPA2, maana hiyo lazima ilinde amri hizo, simu ya shangazi ikagoma kuingia, nikasikia maneno. Nimeiweka WPA2 na WPA3 pamoja, simu mpya zinalindwa, shangazi anaingia.

Jikoni nimemwekea mpishi ruta yake ya halali. Ile ya kabatini niliichomoa siku ya Jumanne, Jumatano asubuhi natoka, wazee wa barazani hata salamu hawajamaliza, mmoja kanshika mkono: "Kijana, waifai yenu ina nini tokea jana?"