Vizibo vya gobori namba 10: uzoefu wangu baada ya miezi minne

Gobori langu, yaani bunduki ya kujazwa kupitia mdomo wa mtutu, ni la mtutu mmoja, la kuwashwa kwa fataki, na limegongwa namba 10 ubavuni. Kwa hesabu ya zamani, maana yake ni kwamba gololi kumi za risasi zinazoenea mtutu huo huwa na uzito wa ratili moja. Kipenyo chake kinapaswa kuwa milimita 19.7. Niliiamini namba hiyo, nikaagiza seti ya vizibo vya namba 10 bila kupima chochote.

Seti ina aina tatu: kadi ngumu ya milimita 3 inayokaa juu ya baruti, kizibo kinene cha sufu iliyoshindiliwa, na kadi nyembamba ya kufunika marisau, yaani vile vigololi vidogo vinavyofyatuliwa kwa pamoja. Kazi ya kukata ni safi, kingo hazina nyuzi.

Siku ya kwanza kadi ngumu iliteremka yenyewe, mdeki (fimbo ya kushindilia) haukuhisi ukinzani wowote. Nilipofyatua kwenye karatasi, matundu yalikuwa machache na yametawanyika ovyo. Nikadhani baruti ni kidogo, nikapandisha hadi dramu 4, karibu gramu 7. Bega liliumia, na karatasi ikawa mbaya zaidi: katikati peupe, pangetosha sahani ya kulia, na marisau yote pembeni.

Hapo ndipo nilipoazima kipimo cha vernia, kifaa cha kupimia kipenyo. Mtutu wangu ni milimita 20.1. Bunduki za zamani ziko hivyo, namba iliyogongwa haikuhakikishii kipenyo. Kizibo kikipwaya, moto wa baruti hupenya ubavuni na kuyavuruga marisau kabla hayajatoka. Nikanunua seti ya namba 9, ambayo ni milimita 20.4, na safari hii kadi iliingia kwa kusukumwa. Raha ya kusikia kizibo kinashuka kwa kubana, hewa ikipumua kwenye chuchu ya fataki (kile kitundu kinachopitisha moto kwenda kwenye baruti), anaijua mwenye gobori.

Lile tundu la katikati halikuisha mara moja. Sababu ilikuwa sufu nzito pamoja na baruti nyingi: kizibo kinapotoka mdomoni bado kinasukumwa, kinayagonga marisau kwa nyuma na kuyapasua katikati. Niliikata sufu nusu kwa kisu. Nikashusha baruti hadi dramu 3 na robo, karibu gramu 5.8, na marisau aunsi moja na robo, yaani gramu 35. Ukipima kwa ujazo, hivyo viwili vinalingana, kwa hiyo kibaba kimoja, yaani kikombe kidogo cha kupimia, kinapima vyote. Kwa umbali wa yadi 25, duara la inchi 30 lilijaa vizuri, na bega likapumzika. Hicho ni kipimo cha mtutu wangu, uliokaguliwa na fundi. Wako uanze chini, ndani ya mipaka ya mtengenezaji.

Lawama yangu kubwa kwa seti hii ni kwamba sufu inakuja kavu. Ikiwa kavu, masizi hugandamana na baada ya mara tatu nne mdeki unagoma. Mimi nayeyusha nta ya nyuki na mafuta ya kondoo, sawa kwa sawa, nachovya kingo tu. Usitumie oili ya mashine, maana ikikutana na baruti nyeusi inageuka kama lami. Tangu nianze kuchovya, nafyatua mara kumi kabla ya kupitisha kitambaa.

Kadi nyembamba nazitoboa kwa sindano ili hewa itoke, zisije zikapanda baadaye. Hili nalisisitiza: mzigo ukipanda na kuacha nafasi juu ya baruti, mtutu unaweza kupasuka. Kwenye mdeki nimechonga alama mbili, ya mtutu mtupu na ya mtutu uliojazwa, na naziangalia kila mara. Baruti naimimina kutoka kwenye kibaba, kamwe si moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia baruti, kwa sababu kaa dogo la moto likibaki ndani ya mtutu, pembe nzima italipuka mkononi. Na ni baruti nyeusi tu. Ile isiyo na moshi ina shinikizo ambalo gobori haliwezi kulistahimili.

Nyota nne kati ya tano. Nitaagiza tena namba 9, ila sufu nitachukua zile nyembamba, nipumzike kukata.