Kinanda gani ununue ukiwa Tanga: orodha yangu, kuanzia cha kazi hadi cha mapenzi

Usiku wa harusi Makorora, saa nne na nusu, umeme ulikatika biharusi akiwa ndiyo kwanza anatolewa. Spika zikanyamaza. Hilo tumelizoea. Jenereta likavutwa, taa zikarudi, na hapo ndipo shida yangu ilipoanza: kinanda kilichukua muda kuamka, na kilipoamka kilikuwa kimesahau kila nilichokipanga tangu alasiri. Fidla haipo, ogani haipo, mwendo wa ngoma umerudi kwenye ule wa dukani. Mama mmoja alikuwa amesimama mbele yangu, noti ya elfu kumi ya kutunza mkononi. Akangoja, akachoka, akairudisha kwenye mkoba.

Tangu siku ile sipangi vinanda kwa utamu wa sauti. Sauti tamu vinayo karibu vyote, na muuzaji atakupigia hiyo kwanza. Mimi huuliza mambo matatu: umeme ukiyumba kitafanyaje, chumvi ya bahari itakifanya nini, na kikifa, nani hapa Ngamiani atakifungua bila kukimaliza. Orodha hii ni ya mtu anayepiga pwani. Anayeishi Arusha anaweza kuipindua juu chini, na asikosee.

Neno moja kabla hatujaanza. Sokoni kila chenye vitufe vyeusi na vyeupe kinaitwa kinanda, lakini ndani mna koo mbili. Kuna sintesaiza, ambayo kazi yake ni kukuruhusu uunde sauti mwenyewe, uikate, uinyooshe, uipe mkia. Na kuna kinanda cha midundo, kinachokupa ngoma na besi tayari ukikipa kodi, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja, kwa mkono wa kushoto. Wanaopenda za kale hukidharau hicho cha pili. Wanakidharau huku wanakula pilau ya harusi iliyopigiwa na hicho hicho.

1. Roland Juno-DS61

Hiki ndicho ningemnunulia mdogo wangu. Kilitoka mwaka 2015, kina vitufe 61, uzito wake hauzidi kilo sita, na kinatembea kwa betri nane ndogo za AA za kuchaji. Kwa sababu ya hizo betri nane nimekiweka juu. Simaanishi kwamba umeme ukikatika utaendelea kupiga peke yako gizani, maana spika hazina betri. Maana yake ni kwamba jenereta likiwaka, wewe bado uko palepale ulipokuwa, sauti zako zote mahali pake. Mimi hupiga kwa betri tangu mwanzo wa shughuli na adapta naiacha kwenye begi. Jenereta la kukodi likipandisha na kushusha umeme, litapambana na mwenye spika, si na mimi. Chaji seti mbili.

Kina tundu la maikrofoni, kina pedi nane za kurushia vipande ulivyorekodi, na kinachukua flashi. Kwa kwaya, kwa bendi na kwa harusi kinatosha. Ila usidanganywe na jina: hii Juno si ndugu wa damu wa zile Juno za miaka ya 80. Zile zilikuwa na saketi za analogi, sauti ikiundwa na umeme wenyewe wala si kwa hesabu za kompyuta. Hii ni ya kidijitali, imerithi jina la ukoo tu.

2. Yamaha PSR-S, au Korg Pa

Kama riziki yako ni taarab, kipandishe hiki namba moja na usinisikilize tena. Sababu ni robo toni. Mji huu ulikuwa na vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, na masikio ya wazee wa hapa hayadanganyiki: ukipiga Bayati, ile skeli ya Kiarabu, kuanzia Re, wanataka ile Mi iliyoteremshwa kidogo, si Mi ya kanisani wala Mi bemoli. Kinanda cha kawaida hakina noti hiyo. Familia ya PSR-S ina sehemu ya kubadili skeli, na ndani yake zimo skeli za Kiarabu. Korg Pa nazo hukuwezesha kushusha noti moja moja. Zipo pia Yamaha za herufi A, kama PSR-A2000, zilizotengenezwa mahsusi kwa muziki wa Mashariki ya Kati. Ndugu aliyeko Muscat akiuliza akuletee nini, mtajie hizo kabla hajakutajia manukato.

Ubaya wake ni umeme. Hivi vikubwa vinataka adapta au waya wa ukutani, kwa hiyo nunua na kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme, vile vya kompyuta za ofisini. Na kila unachokipanga, kihifadhi papo hapo kwenye kumbukumbu ya kinanda. Noti ya yule mama ingekuwa yangu kama ningefanya hivyo.

3. Kompyuta ya mtumba na kinanda kidogo cha USB

Vijana wa singeli hawahitaji kuambiwa hili. Kompyuta ya mkononi iliyotumika, kinanda kidogo cha vitufe 25 kama Akai MPK Mini kinachokula umeme wa kompyuta yenyewe, na programu. Betri inayo, kwa hiyo ule mtihani wa kwanza imeufaulu. Programu iitwayo Dexed ni ya bure, na inaiga Yamaha DX7 kiasi kwamba inasoma mafaili ya sauti za mashine yenyewe ya mwaka 1983. Kwenye Windows utakutana na ucheleweshaji: unabonyeza sasa, sauti inakuja baadaye kidogo kama mwangwi wa kisimani. ASIO4ALL, nayo ya bure, huupunguza sana.

Sijaiweka juu zaidi kwa sababu ya shughuli za nje. Kompyuta, vumbi, juisi ya ukwaju na watoto wanaocheza chini ya meza haviendi pamoja.

4. Casio CZ-101

Sasa tunaingia kwenye za kale. Najua wengi wenu mnasoma kwa ajili ya hizi.

Watu hudhani mapenzi ya vinanda vikuukuu ni ya Wazungu wenye pesa za kuchezea. Si kweli. Wapiga mchiriku wa Dar es Salaam walikamata Casio ndogo zilizochoka, wakaziunga kwenye vipaza sauti vibovu, wakazifanya zipige kelele ambayo mtengenezaji hakuwahi kuiota. Hakuna aliyewaambia kwamba ni sanaa. Kule Jamaika nako, mwaka 1985, mdundo mmoja uliokuwa umelala ndani ya Casio MT-40 uligeuza rege nzima kuwa ya kidijitali. Kwa hiyo mtu akicheka Casio, mwache acheke.

CZ-101 ilitoka mwaka 1984. Ni sintesaiza kamili katika mwili wa kitoto: vitufe 49 vyembamba, na ina vishikio vya mkanda ili uivae kama gitaa. Inatumia betri sita kubwa, zilezile za tochi na redio ya bibi, na hizo sokoni Mgandini hazikosekani. Sauti yake kali, ya kioo, inapasua kelele za ukumbi. Haijali umebonyeza kwa nguvu au taratibu. Ukitokea kwenye piano utaudhika.

Tahadhari mbili. Betri zake ndizo pia zinazoshika kumbukumbu, kwa hiyo ukizitoa bila kuchomeka adapta, sauti ulizounda zinakwenda na maji. Ya pili imeua Casio nyingi: adapta yake ina hasi katikati na chanya nje, kinyume na adapta nyingi za sokoni. Pini inaingia vizuri kabisa. Soma mchoro mdogo uliochapwa kwenye adapta kabla ya kuchomeka. Ukinunua yenye betri zilizoachwa ndani, fungua mlango wake hapo hapo mbele ya muuzaji, maana ule unga wa kijani ukishafika kwenye bodi, bei haina maana tena.

5. Yamaha DX7

Mwaka 1967 John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford aligundua kwamba wimbi moja likitikisa wimbi jingine kwa kasi ya kutosha, sikio halisikii tena mtikiso bali rangi mpya ya sauti. Yamaha walinunua haki ya wazo hilo, na mwaka 1983 wakatoa DX7 kwa dola 1,995. Ile piano ya umeme inayolia kama kengele kwenye nyimbo za mapenzi za miaka ile, nyingi ni hii. Inapiga noti 16 kwa pamoja, na vitufe vyake bado ni vizuri kuliko vya vinanda vingi vipya.

Kwa pwani ina faida kubwa: sauti yake ni hesabu tupu za kidijitali, haitegemei saketi za analogi zinazoyumba na joto. Ikitoka mwaka 1983 ikafika leo, mara nyingi imebaki na maradhi ya uzee wa kawaida. Kioo kinafifia. Swichi bapa zinakuwa ngumu. Mguso wa vitufe unapata ukungu, na huo pamba yenye spiriti safi inautoa. Betri ya kumbukumbu imelehemiwa kwenye bodi, kwa hiyo hamisha sauti kwenye kompyuta kwanza kwa MIDI, ile lugha ambayo vinanda na kompyuta huzungumza kwa waya, ndipo umpe fundi. MIDI ya mwaka 1983 na MIDI ya leo zinaelewana, waya ule ule wa pini tano. Sijui ni kifaa gani kingine cha mwaka ule ambacho unaweza kukichomeka leo kikasikilizwa.

Lakini usiige nilichofanya mimi. Yangu ya kwanza ilitoka Japani, ambako umeme ni volti 100. Hapa kwetu ni 230. Kibandiko cha nyuma kilikuwa kinasomeka vizuri tu, na sikukisoma. Moshi ulitoka mwembamba, wa bluu, na harufu yake ilikaa chumbani siku tatu. Nilimpelekea fundi redio wangu, mzee wa barabara za kati.

"Shikamoo fundi. Hii yapona?"

"Marahaba mwanangu. Yapona. Wewe ndiye sina hakika."

Alibadili transfoma na vitu vingine viwili, na mashine ikaimba. Kwa hiyo chochote cha kutoka Japani, soma kibandiko. Kikisema 100, nunua transfoma ya kushushia umeme siku hiyo hiyo, na usimwachie mtu mwingine akuchomekee.

Korg M1 ya mwaka 1988 ningeiweka bega kwa bega na DX7 kwa anayependa piano ngumu na ogani ya muziki wa dansi. Swichi zake huchoka na chumvi, ila kuzibadili ni kazi ya kulehemu tu.

6. Korg Minilogue

Mpya, ya mwaka 2016, analogi ya kweli, nobu za kuzungusha kila mahali, na ina kioo kidogo kinachokuonyesha umbo la wimbi unapolizungusha. Kwa kujifunza sauti inaundwaje, sijaona mwalimu mzuri kama huyu. Noti nne tu kwa pamoja, vitufe 37 vyembamba. Kwa studio ndogo nyumbani sawa. Kwa harusi, hapana.

7. Roland Juno-106

Ya mwisho, na ndiyo naipenda kuliko zote.

Ilitoka mwaka 1984. Sauti sita, slaida za kusogeza kwa kidole zimejipanga kiasi kwamba mtoto angeielewa kwa mchana mmoja, na ina korasi, swichi ya kunenepesha sauti, ambayo ukiibonyeza chumba kinapanuka. Iliyo nzima siku hizi inapita bei ya bodaboda mpya, na bodaboda angalau italeta hesabu jioni. Ndani yake mna chipu sita zilizofunikwa kwa utomvu mgumu, moja kwa kila sauti. Miaka ikipita utomvu ule huanza kuvujisha umeme, na sauti moja baada ya nyingine inakwaruza, inakohoa, inakufa. Mafundi huzing'oa na kuziloweka kwenye asetoni ili kuuvua ule utomvu, au huweka chipu mpya za kuiga. Ni kazi ya mkono mtulivu. Na hii ni mashine yenye slaida nyingi zilizo wazi kwa vumbi na hewa ya bahari ya Raskazone.

Ukiamua kununua bila kunisikiliza, na nakuelewa, fanya hivi mbele ya muuzaji: zima korasi, kisha bonyeza kitufe kimoja mara sita polepole. Kila mara mashine inatumia chipu nyingine. Zote sita zilie sawasawa. Akikuambia "imepoa tu, ikipata moto itakaa sawa", mshukuru, mwagane. Na hakikisha ni 106 kweli, maana Juno-60 iliyoitangulia haina MIDI.

Yoyote utakayochukua, ifunike kwa kanga usiku. Plastiki inafungia unyevu, kanga inapumua. Weka na vile vipakiti vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya, na usiegemeze kinanda kwenye ukuta unaotazama bahari.

Juno-106 yangu iko pembeni ya kitanda, chini ya kanga ya mke wangu ambayo ameshaacha kuidai. Ina sauti tano. Kila noti ya sita inanyamaza, na wimbo wowote ninaoupiga humo unatoka na pengo. Mwanangu sasa anaimba nyimbo hizo na mapengo yake.