Kapasita za kubadilisha kwenye monita ya LCD: nyota nne kati ya tano

Wakuu, kama una monita ya zamani inawaka sekunde mbili halafu giza, usiitupe aisee. Mimi yangu ukiimulika na tochi kwa pembeni unaona picha kwa mbali, maana yake kioo kizima, taa za nyuma ndo hazipati umeme vizuri. Nikafungua, kwenye bodi ya pawa nikakuta kapasita (vile vifaa vidogo vya mviringo vinavyotunza umeme) zimevimba juu, basi nikaenda Kariakoo kwenye maduka ya spea za elektroniki nikachukua za maikrofaradi 1000 na 470, volti 25, zile zimeandikwa nyuzi 105 za joto. Hapo kuwa makini, kuna za nyuzi 85 bei rahisi zaidi ila ndani ya monita kuna joto sana hazidumu, muuzaji asikudanganye eti ni zilezile.

Kuchomelea sio kazi, kazi ni kufungua fremu bila kuvunja vile vidude vya plastiki vinavyoshika. Ule mstari kwenye kapasita ni upande wa hasi, ukigeuza inapasuka. Na ile kapasita kubwa ya umeme wa ukutani inabaki na volti 300 na kitu hata ukichomoa waya, hiyo inaua kabisa, iache itulie na upime na mita kwanza kabla hujagusa chochote, tafadhali sana!

Monita inapiga kazi hadi sasa. Nyota moja nimepunguza sababu hawauzi pakiti, unachagua mojamoja kwenye makopo.