Tathmini: Siku mbili za mashua Lamu, kwa ratiba isiyojua maji

Wikendi ya Pasaka tulikuwa marafiki wanane kutoka Mombasa, tukakodi mashua ya tanga kwa siku mbili kupitia kwa wakala mmoja wa mjini Lamu ambaye sitamtaja jina. Bei ilikuwa shilingi 36,000, ikijumuisha nahodha, mabaharia wawili, chakula cha mchana na miwani ya kutazamia matumbawe. Huduma tuliyoipata chomboni ilipita matarajio yangu, na ile ya ofisini ilitupotezea nusu ya siku ya kwanza, kwa hiyo nitazipima mbali mbali.

Nianze na chombo chenyewe. Kilikuwa kimekalafatiwa vizuri, yaani mianya ya mbao zake imezibwa, kwani katika siku mbili sikumwona baharia akifua maji yaliyoingia chomboni zaidi ya mara mbili, na tanga, ingawa lilikuwa na viraka, halikuwa na mshono uliolegea. Magunia ya mchanga ya farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, yalipangwa chini ya mbao za kukalia, na kila tulipobisha, yaani kugeuza chombo dhidi ya upepo, nahodha alituomba kwa upole tuhamie upande wa joshi, unakotoka upepo, nasi tukahama na sahani zetu mkononi. Kasoro niliyoiona ni kwamba jaketi za kuokolea zilikuwa saba kwa watu kumi na mmoja, na mbili kati yake zilikuwa zimekatika kanda. Hilo si jambo la kusamehewa kwa sababu ya chakula kitamu, na ningelikagua gatini kabla ya kulipa laiti ningekuwa na busara niliyo nayo leo.

Ratiba tuliyopewa ilisema kwamba Jumamosi tungeng'oa nanga saa tatu na nusu asubuhi kwenda magofu ya Takwa, katika kisiwa cha Manda. Anayeijua pwani hii ataona kosa papo hapo. Pasaka huja baada ya mwezi mpevu, hivyo mara nyingi huangukia wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, au karibu yake, na siku za bamvua maji ya Lamu hujaa alfajiri na alasiri, kisha yakapwa kabisa kuelekea saa tano au saa sita za mchana. Nako Takwa hufikiwa kwa mkondo mwembamba unaopita katikati ya mikoko, ambao hauingiliki ila maji yakiwa yamejaa. Nilipomuuliza nahodha kama tutawahi, alitazama kwanza upande wa ofisi, kisha akasema, "Ndugu yangu, mimi nimeambiwa saa tatu na nusu."

Tulipwelewa, yaani maji yalituacha tukakwama, kwenye mlango wa mkondo muda mfupi baada ya saa nne na nusu. Mabaharia walijaribu kusukuma kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, kwa dakika kama kumi, wakaacha, na mashua ikalalia ubavu taratibu juu ya tope huku maji yakijitoa chini yetu kama mkeka unaokunjwa. Tulikaa hapo saa tatu na ushei. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa walitoka mashimoni wakawa wanatupungia, mizizi ya mikoko ikabaki wazi, na mwenzetu aliyethubutu kushuka akazama hadi magotini na kuacha kiatu kimoja humo. Sifa za mabaharia zilidhihirika hapo. Mmoja aliwasha seredani, jiko la makaa, iliyowekwa ndani ya sanduku la mchanga, akabanika samaki wanne aina ya changu waliopakwa chumvi, ndimu na pilipili, na wali wa nazi ukaivia kwenye chombo kilichoinama bila kumwagika hata punje. Rafiki yetu mmoja alipomtaka nahodha aipigie ofisi simu, alijibu akicheka kwamba angepiga, lakini hata ofisi ingekuja ingepwelewa nyuma yetu.

Takwa tuliifikia karibu saa tisa, na inastahili muda mwingi kuliko tuliobakiwa nao. Ni mji uliohamwa katika karne ya 17, na leo umebaki na mibuyu, kuta za mawe ya matumbawe, msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na kaburi la nguzo lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijria, yaani takriban 1683. Watu wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, husimulia kwamba wazee wao walitoka huko, na bado huja kwenye kaburi hilo kuomba dua. Tulipata dakika arubaini tu, kwa kuwa mkataba wetu ulikoma saa kumi na moja. Hata hivyo tulirudi gatini saa kumi na mbili kasoro, tukamkuta karani akitusubiri na ankara ya shilingi 2,000 ya saa ya ziada. Tulibishana naye, tukalipa, maana mashua ya kesho ilikuwa mikononi mwake.

Jioni hiyo tulimfuata nahodha pembeni tukamwomba atupangie Jumapili yeye mwenyewe. Alitutaka tuwe gatini saa kumi na mbili asubuhi, maji yakiwa bado juu, ili tupite Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, kabla hayajapungua. Tulifika Manda Toto, kisiwa kidogo kando ya Manda, mapema, tukaogelea kwenye matumbawe maji yalipokuwa machache na jua likipenya hadi chini, kisha tukarudi na maji yanayojaa huku kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, ya mwisho ya msimu, iliyokwisha kuchoka, ikitusukuma polepole. Hatukugusa mchanga hata mara moja. Miwani miwili kati ya minane ilikuwa ikivuja, tukapokezana.

Kwa mabaharia ningelipa tena bei ile ile bila kusita, ila ningewatafuta gatini na kuafikiana nao moja kwa moja, baada ya kuhesabu jaketi na kuuliza maji yatapwa saa ngapi. Kwa ofisi ile sitarudi. Tuliwaandikia tukidai shilingi 2,000 zetu, nao wakatujibu kwamba hesabu imekwisha kufungwa. Risiti ninayo, na kwenye sehemu ya maelezo imeandikwa kwa kalamu ya buluu: "Wageni wamechelewa kurudi."